Namna ya Kupima Mchango wa Kibebeo Katika Kichocheo cha Nikeli Kinachozalisha Methani

Mwaka 1902, nchini Ufaransa, Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walieleza jinsi nikeli yenye joto inavyoiwezesha kaboni dayoksaidi kuungana na haidrojeni na kutoa methani na maji. Nikeli hapo ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha. Siku hizi hutandazwa, ikiwa chembe ndogo mno, juu ya kibebeo, yaani oksidi ngumu yenye vitundu vingi kama vile alumina, silika, titania au seria. Ni kosa kukichukulia kibebeo kuwa rafu tu ya kuwekea metali, kwani nacho hushiriki kazi, na ushiriki huo unaweza kupimwa.

Andaa vichocheo vinavyotofautiana kwa kibebeo pekee. Ili kupata gramu 10 za kichocheo chenye asilimia 10 ya nikeli, pima gramu 9 za kibebeo kikavu na gramu 4.95 za nitrati ya nikeli yenye molekuli sita za maji ya fuwele. Yeyusha chumvi hiyo katika maji yanayotosha kujaza vitundu bila kutuama, uidondoshe polepole juu ya kibebeo huku ukikoroga, kisha ukaushe kwa nyuzi 110 za Selsiasi na kuchoma kwa nyuzi 450. Hapo nikeli huwa oksidi, hivyo kabla ya kutumika hupashwa joto ndani ya haidrojeni ili irejee kuwa metali. Vaa glavu na ujikinge na vumbi, kwa maana misombo ya nikeli husababisha saratani.

Sasa itazame rangi kwa makini. Alumina iliyochomwa kwa moto mkali mno hugeuka samawati, ishara kwamba nikeli imezama ndani yake na kuwa aluminati, yaani msombo wa nikeli na alumina, ambao haidrojeni huirejesha kuwa metali kwa shida, mara nyingi hadi kupita nyuzi 700. Hata hivyo, mshiko wa kiasi una faida, kwa sababu huzuia chembe zisiungane na kukua. Silika hushika kwa ulegevu zaidi, hivyo nikeli yake huhama na kukusanyika kwa urahisi.

Titania yahitaji uangalifu wakati wa kuirejesha metali kwa haidrojeni: kwenye nyuzi 500 hivi, tabaka jembamba la oksidi laweza kutambaa na kuifunika metali. Seria, kwa upande wake, hupoteza baadhi ya oksijeni yake, na nafasi zinazoachwa wazi huinasa kaboni dayoksaidi karibu kabisa na nikeli inayopasua haidrojeni. Kwa maoni yangu, mpaka huo wa metali na oksidi ndio unaostahili kuchunguzwa kuliko kitu kingine chochote.

Unapopima, tumia molekuli nne za haidrojeni kwa moja ya kaboni dayoksaidi, na ujaribu pia kibebeo kitupu. Changanya kichocheo na chembe za kwatsi, kwa kuwa mmenyuko hutoa takribani kilojuli 165 kwa kila moli, joto ambalo lisipotawanywa litakudanganya. Linganisha ubadilikaji, yaani sehemu ya kaboni dayoksaidi iliyogeuzwa, ukiwa chini ya asilimia 10. Ukikaribia kikomo cha msawazo, pale mmenyuko usipoweza kuendelea zaidi, vichocheo vyote huonekana sawa. Kisha gawanya kasi kwa idadi ya atomi za nikeli zilizo wazi, ambayo hupatikana kwa kupima haidrojeni inayonaswa juu yake, ili tofauti ya utawanyiko, yaani sehemu ya atomi za nikeli iliyo wazi, isihesabiwe kuwa sifa ya kibebeo.

Kabla ya kupoza chini ya nyuzi 200, safisha mfumo kwa naitrojeni, maana monoksidi ya kaboni ikibaki humo huweza kuunda kabonili ya nikeli, ambayo ni sumu kali. Hewa iingizwe kidogo kidogo tu, kwa sababu nikeli iliyorejeshwa huweza kuwaka yenyewe.