SOMO: Kukodi boti ya matanga pwani ya Likia, Uturuki (Göcek hadi Kekova)

Wakuu, kila Mei ikikaribia meseji zinanijia na swali moja: "Nataka kukodi boti Uturuki nione magofu, nianzie wapi?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Pwani yenyewe ni ya Likia, kusini-magharibi mwa Uturuki: Göcek, Fethiye, Kalkan, Kaş, mpaka Kekova. Milima inashuka moja kwa moja baharini, na Walikia, wenyeji wake wa kale, walichonga makaburi yao kwenye majabali. Kaburi la Amyntas, la karne ya 4 KK, lipo juu ya mji wa Fethiye.

1. Karatasi. Viza, cheti cha unahodha kinachotambulika kimataifa, na cheti cha redio. Huna vyeti? Kodi boti pamoja na nahodha, basi.

2. Msimu. Mei na Juni, au mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Agosti ni joto na msongamano.

3. Njia. Mwenye wiki moja abaki ghuba za Göcek na Fethiye. Najua mtabisha, kwa sababu kila mtu ameona picha za Kekova. Lakini kiangazi upepo mkuu unatoka kaskazini-magharibi. Kwenda Kekova unasukumwa vizuri, unajiona nahodha. Kurudi Göcek ni kupiga bisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na mawimbi usoni, na boti inadaiwa Jumamosi asubuhi. Wiki mbili, sawa. Au kodi kuanzia Kaş, Kekova iwe jirani.

4. Saa. Asubuhi shwari, adhuhuri upepo unaamka, alasiri unakaza, jua likizama unalala. Kati ya Ölüdeniz na Patara kuna Yediburunlar, yaani Rasi Saba, na hapo hakuna pa kujificha. Pita alfajiri. Na popote uendako, uwe umeshafunga kabla ya saa tisa alasiri.

5. Kufunga boti ghubani. Hapa ndipo penye kazi, someni taratibu.

Nyumbani tumezoea kutia nanga na kuacha chombo kizunguke kufuata upepo. Likia sakafu ya bahari ni mteremko mkali. Karibu kabisa na mawe ya ufukweni unaweza kukuta kina cha mita 15. Ukiiacha boti izunguke, usiku upepo unashuka kutoka mlimani, unaivuta nanga kuelekea kilindini, inang'oka, na wewe umelala. Kwa hiyo omo (mbele ya boti) inashikwa na nanga upande wa bahari, tezi (nyuma) inashikwa na kamba nchi kavu. Upepo ukija kutoka baharini, nanga inavutwa kupanda mteremko na inazidi kuuma. Ukija kutoka mlimani, kamba inakushika.

Angusha nanga mbali, urefu wa boti nne au tano kutoka ufukweni. Rudi kinyumenyume polepole huku mnyororo ukitoka. Mita 50 za mnyororo si nyingi. Mtu mmoja aende na kamba kwa kidau cha mpira, viatu miguuni, maana mawe yana nungu wa baharini. Ifungwe kwanza kamba ya upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, kisha ya pili, ndipo ukaze mnyororo. Ukikaza kabla, kamba haitafika.

Maonyo:

Kamba na pangaboi (feni ya injini majini) havipatani. Kamba ikiwa majini, gia iwe huru. Yangu iliwahi kujizungusha mbele ya mgahawa uliojaa watu, na kisu cha jikoni ndicho kilichoniokoa. Tumia kamba inayoelea, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuizuia isilegee, si kupiga picha.

Tazama mnyororo wa jirani umelala wapi kabla hujaangusha wako. Ukiulalia, asubuhi akiondoka anang'oa nanga yako pamoja na yake.

Usifunge kwenye mti. Kamba inakata gome la misonobari. Funga kwenye mwamba, au kwenye nguzo zilizowekwa kwa kazi hiyo. Ghuba nyingi za Göcek zinazo.

Ukifunga kwenye gati la mbao la mgahawa, kwa kawaida hulipii gati, ila utakula kwao. Ndiyo bei yenyewe.

6. Magofu. Kekova ni marufuku kutia nanga, kuogelea au kupiga mbizi juu ya mji wa kale uliozama hapo. Eneo limehifadhiwa tangu 1990. Unapita polepole na kutazama. Kisha nenda Kaleköy, Simena ya kale, kijiji kisichofikika kwa gari. Panda ngomeni: ndani kuna kiukumbi cha maonyesho kilichochongwa mwambani, cha watu 300 hivi, na chini yako jeneza la jiwe limesimama majini peke yake. Kisiwa cha Gemiler kina mabaki ya makanisa ya Kibizanti. Panda kisiwani jioni, jua likipungua. Na usiokote hata kigae. Kutoa vitu vya kale Uturuki ni jinai, wanapekua uwanja wa ndege.

7. Maji machafu. Tangi la choo halimwagwi ghubani. Linanyonywa bandarini na inarekodiwa.

Maswali karibuni.

MtotoWaBandari: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Bei gani kwa wiki? Na tunaweza kufika Kekova tukitokea Göcek?

Mwandishi: Namba 3.

MtotoWaBandari: Na bei?

Mwandishi: Inategemea mwezi, ukubwa na umri wa boti. Waandikie wakodishaji.

Nahodha_Kilindini: Bwana, nimekulia majini. Nanga moja nzuri yatosha, kamba za nchi kavu ni mambo ya watalii.

Mwandishi: Sikatai uzoefu wako, mzee. Lakini sakafu yako ni mchanga na tope tambarare; hii ni mteremko. Isitoshe wenzako wote ghubani wamefungwa hawazunguki. Wewe ukizunguka peke yako usiku wa manane, utamgonga nani?

Nahodha_Kilindini: Hilo la majirani nimelielewa. La mteremko nitaliona kwa macho.

BintiPwani: Ahsante kwa somo. Nimeona picha za Kekova, ngazi za mawe zinaingia majini na kuendelea kushuka. Ni maji kujaa, au?

Mwandishi: Swali zuri dada. Hapana, kule kupwa na kujaa ni kudogo mno, hata nusu mita hakufiki kwa kawaida. Zanzibar wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti hukaribia mita 4. Kilichoshuka Kekova ni ardhi yenyewe, kwa matetemeko. Kubwa linalotajwa ni la karne ya 2 BK. Faida kwako ni kwamba kamba uliyofunga jioni haitalegea kwa sababu ya maji, na chombo hakipwelewi, yaani hakiachwi mchangani maji yakipwa. Hasara ni kwamba boti ikikwama juu ya mwamba, usisubiri maji yajae yakunasue.

BintiPwani: Kuna lolote linalotuunganisha sisi na pwani hiyo?

Mwandishi: Lipo. Karibu na Kaş, pale Uluburun, kilizama chombo cha biashara mwishoni mwa karne ya 14 KK. Mzamiaji wa sifongo alikiona 1982, kikachimbuliwa 1984 hadi 1994. Kilibeba shaba tani 10 hivi, bati tani moja, pembe ya ndovu, meno ya kiboko na magogo ya mti mweusi. Magogo hayo yalipochunguzwa yalikuwa mpingo, aina ileile ya vinyago vya Wamakonde. Usikimbilie kusema ulitoka Lindi. Mpingo unaota mpaka Sudan na Ethiopia. Shehena iko makumbusho ya Bodrum, ndani ya ngome.

FundiSeremala: Mpingo umekaa majini miaka elfu tatu na zaidi! Sishangai, ule ukitupwa majini unazama kama chuma.

Mlafi255: Nyie mnaongea magogo, chakula je?

Mwandishi: Ghuba za Göcek akina mama hupita na vidau wakichoma gözleme, chapati nyembamba yenye jibini au mchicha ndani. Agiza ya mchicha, uile ikiwa moto.

Kibarua_Doha: Kaş inatazamana na kisiwa cha Ugiriki, Kastellorizo. Naweza kuvuka mchana nirudi jioni na viza ya Uturuki?

Mwandishi: Ni nchi nyingine, unahitaji viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya. Hata ukiwa nayo, boti lazima igongewe muhuri wa kutoka Kaş na wa kuingia upya, na mkodishaji akubali kwanza. Ukitaka mlo wa mchana tu, panda feri ya abiria, boti iache gatini.

MtotoWaBandari: Nimesoma yote sasa. Kidau cha mpira kinakuja na boti au nakodi pembeni?

Mwandishi: Kinakuja nayo. Injini yake ndiyo mara nyingi inalipiwa kivyake. Uliza kabla hujasaini, na uiwashe mwenyewe gatini.