Nakili diski ya kinasa video nzima nzima, si faili moja moja
Nimejifunza hili baada ya diski ya kinasa changu kuanza kugonga tak-tak. Chomoa kinasa kwenye umeme, toa diski, iunganishe pamoja na mpya kwenye kompyuta ya Linux, kisha endesha ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -f /dev/sdX /dev/sdY ramani.log

X ni diski kuukuu, Y ni mpya, na ramani.log ni faili ya kumbukumbu ya kilichokwisha nakiliwa. Ukizigeuza umefuta kila kitu, kwa hiyo linganisha kwanza namba zilizobandikwa juu ya diski na zile zinazoonyeshwa na amri ya lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL. (Mimi huangalia mara mbili, na bado mkono hutetemeka.)

Vinasa vingi hupanga diski kwa mfumo wao ambao Windows haiutambui. Ikikuomba uifomati, kataa. Kunakili sekta kwa sekta (yaani vipande vidogo vya diski, kimoja baada ya kingine) hakujali ndani kuna nini. Terabaiti 1 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni karibu saa 3, ila diski mbovu huburuza zaidi.

Diski mpya ikiwa ndogo kuliko kuukuu hata kwa sekta chache, haifai. Na kama rekodi zimefungwa kwa ufunguo wa kinasa chenyewe, nakala itacheza humo humo tu. Kinasa kikifa, nazo zimekwenda.