SOMO: Kuchukua sampuli za mto juu na chini ya mabwawa ya majitaka (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Majibu ya maabara hayaeleweki." Mara nyingi maabara haina kosa, maji yaliharibikia mkononi mwa mchukuaji. Mfano wangu ni Vingunguti, Dar es Salaam, mabwawa ya majitaka yanapomwaga Mto Msimbazi.

1. Glavu na gambuti. Haya ni maji ya chooni.

2. Andika lebo chupa zikiwa kavu: kituo, tarehe, saa.

3. Vituo vitatu: juu ya mdomo wa bomba, mdomoni penyewe, na chini yake. Anza na cha juu, ndiyo maji safi kuliko mengine. Cha chini kiwe mahali majitaka yameshachanganyika na mto. Pima upitishaji umeme kushoto, katikati na kulia. Namba zikiachana, shuka zaidi.

4. Joto na pH hupimwa palepale.

5. Chupa ya kupimia oksijeni iliyoyeyuka majini. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Usichote kwa ndoo ukamimina: maji yenye oksijeni miligramu 1 kwa lita yakipigwa hewa yanainywa haraka, kwa sababu kwenye joto la 28°C yanaweza kubeba karibu 7.8. Zamisha chupa ya mililita 300 taratibu ikiwa imelala, ijae bila kububujika, funga kizibo chupa ingali chini ya maji. Igeuze, ukiona kiputo, mwaga, rudia. Kisha tia mililita 1 ya manganizi salfeti na mililita 1 ya mchanganyiko wa alkali, iodidi na azidi, ncha ya pipeti ikiwa ndani ya maji. Funga, pindua mara kadhaa. Mashapo ya kahawia maana yake oksijeni ipo, meupe, haipo. Yakituama hadi nusu ya chupa, pindua tena, yatuame, ndipo utie mililita 1 ya asidi ya salfuriki kali. Weka gizani, pima ndani ya saa 8. Azidi ni sumu: usiikutanishe na asidi nje ya chupa, wala usimwage masalia mtoni.

6. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa. Usiisuuze. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu.

7. Zote kwenye deli lenye barafu. Bakteria wafike maabara ndani ya saa 6, chupa ya BOD (kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu) siku hiyohiyo.

MASWALI

— Mkuu, nilijaza nusu chupa ya soda Ijumaa, ikakaa kwenye buti ya gari hadi Jumatatu. BOD 12. Mto ni safi?

Hatua ya 7. Hiyo namba itupe.

— Sasa si ungejibu tu ndiyo au hapana?

Nimejibu. Vijidudu vimekula siku tatu kabla maabara haijaanza kuhesabu.

— Samahani mwalimu, bwawa la mwisho ni kijani kabisa na BOD inapita miligramu 30 kwa lita, kikomo cha kanuni za ubora wa maji za 2007. Limeharibika?

Swali zuri, dada. Kijani ni mwani, na bwawa la mwisho linautegemea. Tatizo, chupa ya BOD hukaa siku 5 gizani, mwani unapumua humo na kuongeza namba. Omba vipimo viwili, maji yaliyochujwa na yasiyochujwa, uone mwani unachangia kiasi gani. Rangi ya kuhofia ni waridi au zambarau kwenye bwawa la kati: limezidiwa mzigo. Na andika saa. Bwawa hilohilo saa 9 alasiri limejaa oksijeni kupita kiasi, saa 11 alfajiri linakaribia sifuri.

— Naongezea: wanaopima karibu na Daraja la Salenda, angalieni bamvua. Maji yakijaa mnachota bahari.

Kweli kabisa. Nendeni maji yakipwa. Na kama lazima kuchota penye mikoko, iambieni maabara kuna chumvi: kloridi ikizidi miligramu 2,000 kwa lita, COD ya kawaida (kipimo cha uchafu kwa kemikali badala ya vijidudu) inadanganya.

— Barafu ya deli mnanunua wapi?

Feri, kwa wauza samaki. Ifunge kwenye mifuko. Ikiyeyuka inafuta lebo.