Kumfundisha baba kutafuta upande wa kushoto kwa kutumia kompyuta

Baba alipopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, alianza kula wali wa nusu moja ya sahani, kisha analalamika kuwa tumempunja. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio ulioutupa upande wa kushoto. Mtaalamu wa utengamao, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake, alituonyesha zoezi la karatasi, nami nikalihamishia kwenye laptopu yangu kuukuu.

Fungua ukurasa mtupu, uugeuze ulale. Pembeni kabisa kushoto chora mstari mnene mwekundu, juu hadi chini. Hiyo ndiyo nanga yake. Tawanya herufi kubwa kwa safu, saizi 48 hivi, na kati yake pachika A kumi. Mgonjwa auguse kwanza mstari kwa kidole, ndipo aende kulia akibofya kila A. Safu ikiisha, anarudi kwenye mwekundu. Usimwonyeshe "hapo, hapo!" Muulize tu: "Baba, umeuona mwekundu?"

Kwetu dakika 15 zinatosha; zikizidi naanza kugombezwa. Akizoea, upunguze unene wa mstari, hatimaye uufute. A alizoziruka kushoto ziandike kwenye daftari.

Ila kushinda kwenye skrini si kuuona mlango. Siku hiyohiyo bandika utepe mwekundu ukingoni mwa sinia, upande wa kushoto, autafute kabla ya kumega tonge. Wiki ya tatu baba aliligundua bakuli la mchuzi mwenyewe, akauliza ni nani aliyekuwa analificha.