Gego la mwisho likishang'olewa, meza dawa kabla ganzi haijaisha

Natibu meno hapa Mbeya. Wagonjwa wengi huogopa sindano. Mimi huogopa saa chache zinazofuata, pale mtu anapojiona mzima akapanda gari la Tukuyu au Chunya bila kumeza kitu, maumivu yakamkuta njiani.

Hatua ya 1: Kabla ya kukalia kiti. Kama unachomwa ganzi ya mdomoni tu, njoo umekula. Taja vidonda vya tumbo, pumu, presha, figo, mimba na dawa unazotumia. Majibu yako ndiyo yatakayoamua upewe dawa gani.

Hatua ya 2: Kwenye kiti. Ganzi huondoa maumivu, lakini utasikia taya likisukumwa na mashine ikilia. Ukisikia uchungu mkali, inua mkono. Tutasimama tuongeze ganzi. Tafadhali usijikaze. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, wala si kwamba wewe ni mwoga.

Hatua ya 3: Pamba. Ing'ate kwa nguvu dakika 30, bila kuongea na bila kuitoa kuchungulia. Mate yenye wekundu kidogo yasikutishe. Usiyateme kwa nguvu, maana donge la damu linaloziba shimo linaweza kung'oka.

Hatua ya 4: Dawa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mdomo hubaki na ganzi saa 2 hadi 4 hivi, na kidonge huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi. Ukisubiri mpaka mdomo uanze kuchonyota, maumivu yatakutangulia. Kunywa maziwa mgando au uji uliopoa, taratibu usijing'ate mdomo, kisha meza.

Mtu mzima asiye na tatizo nililotaja hapo juu ameze ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Dawa hizi hutuliza kwa njia tofauti, hivyo zikiwa pamoja zina nguvu kuliko moja peke yake. Fuata saa kwa siku 2 au 3 za kwanza, hata kama huumwi. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo au mimba asiguse ibuprofeni bila kuulizia. Usiongeze diklofenaki juu ya ibuprofeni, ni dawa za ukoo mmoja. Aspirini nayo huchochea damu kutoka. Na vidonge vya rangi mbili vya dukani, yaani antibiotiki, havitulizi maumivu.

Hatua ya 5: Baridi kwanza. Najua Julai hapa kwetu hakuna anayetaka barafu, na nyumbani bibi ameshabandika maji ya kukukanda. Mwombe asubiri. Siku ya kwanza funga barafu kwenye kitambaa, weka shavuni dakika 15, pumzika 15, rudia. Uvimbe huongezeka hadi siku ya 2 au ya 3. Kuanzia hapo ndipo ukandwe kwa maji ya vuguvugu.

Hatua ya 6: Baada ya saa 24, sukutua polepole kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Kula parachichi la kuponda, viazi laini. Sigara, mrija na ulanzi viache kwanza.

Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa kasi siku ya 3 au ya 4, yakipanda sikioni na mdomo ukinuka, donge limetoka: rudi tusafishe shimo na kuweka dawa. Ukipata homa, ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, au damu isipokoma hata baada ya kung'ata pamba mpya, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.