SOMO: Fremu ya hewa ya dirisha, unayoiweka na kuitoa utakavyo

Wadau, salaam. Kila nikiingia humu nakuta ujumbe wa faragha unaouliza jambo lilelile: "Ile fremu ya nailoni ya kuzuia joto unaitengenezaje?" Naandika mara moja, hapa, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Ni fremu ya mbao iliyobandikwa nailoni pande mbili, inayosukumwa kwenye nafasi ya dirisha upande wa chumbani. Anza kwa kuelewa kinachofanya kazi. Nailoni ni mlinzi tu. Anayezuia joto ni hewa iliyofungiwa ndani yake. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiwango cha kama 0.025 (wati kwa mita kwa kila digrii), wakati kioo ni kama 1. Yaani kioo kinapitisha mara arobaini zaidi. Ila hewa ina tabia ya kuzunguka. Ikiguswa na upande wa moto inapanda, ikiguswa na upande wa baridi inashuka, na katika mzunguko huo inabeba joto kutoka huku kwenda kule. Ndio ule myuko tuliofundishwa shuleni. Kazi yetu yote ni kuinyima hewa nafasi ya kuzunguka.

Dirisha la kioo kimoja hupitisha kama wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Tofauti ikiwa digrii 20, mita moja ya mraba inapitisha zaidi ya wati 110, muda wote. Fremu hii ikikaa vizuri inaongeza matabaka mawili ya hewa: moja ndani ya fremu yenyewe, jingine kati ya fremu na kioo. Kwa hesabu ya karatasi, joto linalopita linashuka hadi karibu theluthi moja. Inasaidia penye baridi na inasaidia pia penye joto kali ambapo chumba kinapozwa kwa mashine.

VIFAA: papi za mbao kavu zenye unene wa milimita 20, nailoni angavu ya poliesta ya kutosha pande mbili, selotepu yenye gundi pande mbili, sponji ya mkanda yenye gundi, skrubu, mashine ya kukausha nywele, na kipande cha utepe wa kushikia.

Hatua ya 1. Pima nafasi ya dirisha juu, katikati na chini. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote.

Hatua ya 2. Kata papi, ukipunguza milimita 3 kila upande. Nafasi hiyo itajazwa na sponji.

Hatua ya 3. Unga pembe kwa skrubu. Fremu ndefu kuliko mita moja itie papi moja ya katikati isije ikapinda.

Hatua ya 4. Bandika nailoni upande mmoja, geuza, bandika wa pili, kisha pitisha hewa ya moto ya mashine ya nywele kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mikunjo iishe. Usisogee karibu sana, itatoboka.

Hatua ya 5. UNYEVU NA UZIBAJI. Hapa naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu fremu yangu ya kwanza na dirisha lenyewe. Mbao zilikuwa zimenyeshewa siku mbili kabla. Nikazigusa nje, nikaona zimekauka, nikafunga. Na sponji niliibandika pande tatu tu kwa kuwa mkanda uliisha, nikasema upande wa juu nitamalizia kesho. Kesho haikufika. Siku ya tisa asubuhi nikaona ndani ya fremu, kwenye pembe ya chini kushoto, tone moja limening'inia kwenye nailoni. Nyuma ya fremu ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe: kioo chote kinatiririka, maji yametuama kwenye kizingiti, rangi imevimba kama lengelenge, na mstari wa vidoa vyeusi vya ukungu umefuata ukingo wote wa chini. Papi nazo zilikuwa zimevimba, fremu imebana, haitoki. Ilibidi nichane nailoni ndipo nipate pa kushika.

Kilichotokea ni hiki. Hewa ya chumbani ina mvuke: wa kupika, wa kuoga, wa pumzi zetu. Fremu ikishawekwa, kioo kinakuwa cha baridi zaidi kuliko zamani kwa sababu joto la chumba halikifikii. Hewa ya chumbani ikipenya kwenye upenyo mdogo na kukigusa, inaacha sehemu ya maji yake pale. Upenyo wa sponji ya upande mmoja unatosha kabisa.

Kwa hiyo:
– Mbao zikae ndani, mahali pakavu, wiki mbili au zaidi kabla hujafunga. Ukizikata na unga wake ukishikana vidoleni, bado.
– Usifunge nailoni siku ya mvua, au chumba chenye nguo mbichi.
– Sponji izunguke pande ZOTE NNE bila kuacha hata upana wa kidole, na pembeni ikutane kwa kukatwa mshazari.
– Sheria ya kukumbuka: ziba upande wenye hewa ya joto na unyevu, acha upande wa baridi upumue. Penye baridi, sponji ya chumbani ibane kabisa, na vile vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye fremu ya dirisha usivizibe. Penye joto na chumba kinapozwa, unyevu unaingia kutokea nje. Hapo ziba kwanza mianya ya dirisha lenyewe.
– Wiki ya kwanza toa fremu kila baada ya siku mbili, uangalie kioo na kizingiti. Ukiona ukungu wa maji, kausha, tafuta upenyo.

Hatua ya 6. Funga utepe wa kushikia, upande wa chumbani, pembe mbili za juu. Fremu ingie kwa kusukumwa na itoke kwa kuvutwa kwa mkono mmoja. Haihitaji skrubu ukutani.

MAONYO MENGINE. Usiweke kwenye dirisha ambalo watu wangetokea moto ukizuka. Usiweke kwenye chumba chenye jiko la mkaa au lolote la moto wa wazi linalotegemea hewa ya dirisha hilo, maana monoksidi ya kaboni inaua bila kunusika. Nailoni inashika moto, iwe mbali na mishumaa na majiko.

---

MASWALI

Kibatari: Mkuu, ahsante kwa somo. Nafasi ya hewa iwe kiasi gani?

Mwandishi: Milimita 20. Iko kwenye vifaa.

Kibatari: Nina papi za milimita 70, si ndio hewa itakuwa nyingi zaidi?

Mwandishi: Hewa nyingi siyo hewa iliyotulia. Kuanzia milimita 12 hadi 20 hivi, hewa inasuguana na kuta zake na haipati pa kuzunguka vizuri. Ukipanua zaidi inaanza kupanda na kushuka, kwa hiyo unalipia mbao bila kupata chochote cha maana. Kama unazo hizo za 70, weka nailoni ya tatu na ya nne katikati uigawe. Hapo utafaidi kweli.

Mama Zuhura: Mwalimu, shikamoo. Nimeona umesisitiza poliesta. Mimi nina polithini ya kawaida, ileile ya kufunikia. Zote si zinafunga hewa sawasawa? Tofauti iko wapi?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na wengi hawaulizi. Joto lina njia tatu: mpitisho (kupita ndani ya kitu), myuko (kubebwa na hewa inayozunguka) na mnunurisho (kusafiri kama miale). Hewa iliyofungiwa inazuia mbili za kwanza. Mnunurisho haujali hewa, unaivuka tu. Kati ya nyuso mbili za kawaida zenye tabaka la hewa, mnunurisho ndio unaobeba zaidi ya nusu ya joto. Sasa polithini inaipitisha miale ya joto kwa wingi, wakati poliesta inazuia sehemu kubwa, na kioo kinazuia karibu yote. Jaribu mwenyewe: washa pasi, isimamishe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka shavuni. Utahisi joto lake. Pitisha polithini katikati: utaendelea kulihisi. Pitisha poliesta, halafu kipande cha kioo. Shavu litakwambia. Polithini yako itafanya kazi, ila chini ya ile niliyoandika.

Mama Zuhura: Nimejaribu sasa hivi! Polithini ni kana kwamba hakuna kitu. Je, karatasi ya aluminiamu?

Mwandishi: Hiyo ndiyo bingwa wa mnunurisho. Uso wake unaong'aa hutoa kama asilimia 5 tu ya miale ambayo uso mweusi ungetoa. Masharti mawili: lazima mbele yake kuwe na hewa, kwa sababu ikigusana na kitu inageuka kuwa chuma cha kawaida na kupitisha joto, na mwanga hutapata. Ifae fremu ya usiku. Tahadhari: usiiache ndani ya dirisha linalopigwa na jua kali. Inarudisha joto kwenye kioo, katikati panachemka, pembeni palipofichwa na fremu panabaki na baridi, na kioo kinaweza kupasuka.

Fundi wa Kona: Madirisha ya vioo viwili yanayotengenezwa viwandani wanayajaza gesi ya agoni. Kwa nini na sisi tusijaze?

Mwandishi: Fundi, kwa nadharia uko sahihi. Agoni hupitisha kama 0.017, na gesi nyingine, kriptoni, karibu 0.009, zote chini ya ile 0.025 ya hewa. Atomi zake ni nzito, zinakwenda polepole. Shida ni kuifunga. Kwenye vioo viwili wanatumia chuma na mihuri maalumu pembeni, na viwango vya Ulaya vinataka isivuje zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka. Nailoni na selotepu haziwezi hilo, itatoka yenyewe na hewa itaingia. Na kwa kuwa mnunurisho unabaki palepale, faida ungeiona ndogo. Pesa ya mtungi nunulia tabaka jingine la nailoni. Pia gesi hiyo ikivuja kwa wingi kwenye chumba kidogo inafukuza oksijeni.

Fundi wa Kona: Nimeelewa. Kumbe ugumu si gesi, ni mfuniko.

Mwandishi: Ndiyo.

Chapchap: vp gesi ya maputoni, ile heliamu? nyepesi

Mwandishi: Nyepesi ndiyo tatizo. Inapitisha joto kama mara sita ya hewa. Ungekuwa unasaidia joto kupita.

Chapchap: basi ya kupikia, ninayo hapa mtungi nusu

Mwandishi: HAPANA. Inalipuka. Usijaribu, na usimshauri mtu.

Msomaji Kimya: Nimetengeneza kama ulivyosema na kioo kinatoa maji. Somo lina kasoro, ungesema mapema.

Mwandishi: Hatua ya 5 ndiyo ndefu kuliko zote, na imeandikwa kwa sababu hiyohiyo. Sponji umeweka pande ngapi?

Msomaji Kimya: Tatu. Chini niliacha hewa ipite.

Mwandishi: Hewa iliyopita ndiyo hayo maji. Toa fremu leo, kausha kizingiti kwa kitambaa, acha wazi siku nzima, ziba upande wa nne. Usiposubiri ukungu uote, rangi itapona.

Bibi Maua: Mwanangu, mimi siwezi kukata mbao. Hakuna njia ya mzee?

Mwandishi: Ipo bibi, na ni nzuri. Chukua ile nailoni ya viputo ya kufungia vyombo, yenye viputo vikubwa. Kata saizi ya kioo, nyunyizia kioo maji kidogo, bandika upande wenye viputo. Itashika kwa maji tu bila gundi, na ukitaka kuitoa unaivuta. Kila kiputo ni chumba kidogo cha hewa isiyoweza kuzunguka. Haishindi fremu, lakini inazidi kioo kitupu kwa mbali. Hutaona nje vizuri, ila mwanga utaingia.

Fundi wa Kona: Nyongeza. Alfred Fielding na Marc Chavannes, waliounda nailoni hiyo mwaka 1957 kule New Jersey, walikuwa wanataka karatasi ya kupamba ukuta. Haikupendwa, wakaijaribu kuhifadhi joto kwenye vibanda vya mimea. Kufungia mizigo kulikuja baadaye. Kwa hiyo bibi anairudisha kwenye kazi ya zamani.

Mwandishi: Hiyo sikuijua, ahsante sana fundi. Na anayetaka kuona wazo hili likiwa kubwa, atafute picha za Eden Project, bustani ya mimea iliyofunikwa kule Cornwall, Uingereza, iliyofunguliwa 2001. Yale makuba yake ni mito ya plastiki angavu iliyojazwa hewa, na feni zinaiongezea hewa isilegee.

Mama Zuhura: Nikizitoa nazihifadhi vipi zisichanike?

Mwandishi: Zisimame wima, usizilaze. Kati ya moja na nyingine weka shuka. Na nyuma ya papi ya juu andika kwa penseli jina la dirisha na mshale unaoelekea juu. Madirisha yanayofanana kwa macho hutofautiana milimita nne au tano, na ukikosea sponji haitabana.

Mama Zuhura: Nimeandika. La jikoni na la chumbani yamepishana milimita 6, nami niliyaona pacha.

Mwandishi: La jikoni liwe la kwanza kukaguliwa, lina mvuke. Ukiona tone pembeni, rudi hapa tuangalie pamoja.