Jura ya Poland kwa baiskeli: toa upepo, beba maji

Kinachowachosha waendesha baiskeli wengi kwenye Jura, nyanda za juu za chokaa kati ya miji ya Kraków na Częstochowa, ni mchanga kuliko vilima. Njia ya Viota vya Tai hupita kwenye misitu ya misonobari na miamba myeupe ya chokaa, ikiunganisha ngome ambazo nyingi zilijengwa au kuimarishwa karne ya 14, enzi za Mfalme Kazimierz III wa Poland. Ngome za Mirów na Bobolice ziko jirani kabisa. Hapo usipite mbio, tafadhali.

Tairi za milimita 40 au zaidi zinafaa. Kabla ya kuingia msituni toa upepo kidogo, mpaka tairi ibonyee ukiikandamiza kwa kidole gumba. Ukiona mchanga mbele, weka gia nyepesi mapema, rudisha uzito nyuma, legeza mikono na uendelee kukanyaga bila kukata kona ghafla. Ukirudi kwenye mawe yenye ncha, jaza tena, maana tairi laini hugonga rimu na tyubu hupasuka.

Chokaa hupitisha maji ya mvua chini kwa chini, hivyo vijito huko juu ni vichache. Jaza chupa zote kijijini.